Gari la umeme limechelewa: ningoje nililoagiza au nichukue la yadini?

Swali: Nililipa arubuni ya gari jipya la umeme nikaambiwa litafika baada ya wiki 8 hadi 12. Sasa tunaingia wiki ya 15, na kila nikiuliza naambiwa "liko njiani". Juzi muuzaji amenipigia: ana gari la modeli hiyohiyo limesimama yadini kwake, rangi si niliyochagua, naweza kulichukua wiki hii ila niamue kabla ya mwisho wa mwezi. Nilichukue au ningoje langu? Na huku nikingoja, kuna la kufanya? Sijawahi kumiliki gari la umeme.

Jibu:

Ndugu msomaji, kabla hujamjibu muuzaji, dai namba mbili: namba ya chesisi ya gari uliloagiza na namba ya chesisi ya lile lililosimama yadini. Ukizipata, uamuzi utakuwa mwepesi kuliko unavyodhani. Usipozipata, usiongeze malipo yoyote.

Nasema hivyo kwa sababu neno "njiani" halina maana moja. Oda ya gari hupita vituo vingi. Kwanza muuzaji anaiingiza kwenye mfumo wake. Kisha kiwanda kinaikubali na kuipangia wiki ya kuundwa, na kuanzia hapo huwezi tena kubadili rangi wala ukubwa wa betri. Gari linaundwa, linapelekwa bandarini, linangoja meli, linasafiri, linashushwa, linapita forodha, linaingia yadi ya matayarisho, ndipo linafika kwa muuzaji. Vituo vyote hivyo, hata kile cha kwanza ambapo oda bado ni karatasi tu, vinaweza kuitwa njiani.

Namba ya chesisi ndiyo inayotenganisha oda na gari. Ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hutakuta I, O wala Q, maana zingechanganywa na 1 na 0. Ukipewa namba yenye herufi mojawapo kati ya hizo, au isiyotimia 17, imekosewa. Baadhi ya viwanda hutoa namba hiyo siku chache kabla gari halijaundwa, kwa hiyo omba pia tarehe ya kuundwa, jina la bandari au meli, na tarehe inayotarajiwa ya kufika. Omba kwa maandishi. Jina la meli lina faida ya pekee: mienendo ya meli za mizigo huonekana wazi kwenye tovuti za kufuatilia vyombo vya baharini, nawe utajua kama meli imetia nanga au bado iko upande wa pili wa dunia.

Sababu nyingi za kuchelewa ni za kawaida. Viwanda huunda magari kwa mafungu, ya usukani wa kulia kwa kipindi fulani, ya usukani wa kushoto kwa kingine, na rangi isiyo na wateja wengi hungoja zamu yake. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi kati ya Asia na Ulaya ziliacha kupita Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzunguko huo huongeza siku 10 hadi 14 hivi. Bandari za Australia zimewahi kushikilia shehena za magari kwa wiki kadhaa kwa sababu ya mbegu, matope na wadudu vilivyokutwa ndani. Wakati mwingine gari limeshafika, lakini mtengenezaji amesimamisha makabidhiano mpaka kasoro fulani ya programu au ya kifaa irekebishwe. Ikiwa hiyo ndiyo sababu, ngoja kwa moyo mmoja, kwani ni afadhali kasoro hiyo irekebishwe mikononi mwao kuliko mikononi mwako.

Kuna na ajali. Februari 2022 meli ya Felicity Ace, iliyobeba magari kama 4,000, ilishika moto katika bahari ya Atlantiki karibu na visiwa vya Azori, ikazama tarehe 1 Machi. Waliokuwa wakingoja magari yale walibaki na oda tu. Hatari ya namna hiyo haipaswi kuwa yako, ilimradi mkataba useme kwamba umiliki na hasara vinahamia kwako siku ya kukabidhiwa gari, si siku ya kulipa wala siku ya kupakiwa melini. Tafuta sentensi hiyo leo.

Na ukiwa umeushika mkataba mkononi, tazama mambo mengine manne.

Tarehe. "Makadirio ya kufika" si ahadi. Unachotaka ni tarehe ya mwisho ambayo ikipita unaweza kujitoa na kurudishiwa arubuni yote. Kama haimo, sheria za nchi nyingi humruhusu mnunuzi kumwandikia muuzaji na kumpa muda wa nyongeza unaokubalika, mathalani wiki 4, kisha kuvunja mkataba ukipita. Kwa wiki yako ya 15, barua hiyo ni halali kabisa kuandikwa sasa. Iwe fupi na ya heshima: taja tarehe ya oda, muda ulioahidiwa, muda wa nyongeza unaoutoa, na utakachodai baada yake.

Bei. Angalia kama kuna kifungu kinachomruhusu muuzaji kuipandisha kwa sababu ya kodi, usafirishaji au thamani ya fedha za kigeni, na kama kimewekewa kikomo. Kifungu kisicho na kikomo kinapaswa kukupa haki ya kujitoa bila kukatwa.

Vipimo. Maneno "au modeli inayolingana" humruhusu muuzaji kukuletea gari lenye betri nyingine au chaja ya ndani ndogo zaidi. Mkataba utaje kilowati-saa za betri (kiasi cha umeme inachobeba), aina ya betri, tundu la kuchajia na vifaa vinavyokuja na gari.

Nafuu ya serikali, kama unaitegemea. Uliza nafuu hiyo inahesabiwa kwa tarehe ya oda, ya kuingia nchini au ya usajili. Ujerumani ilitangaza tarehe 16 Desemba 2023 kwamba maombi ya ruzuku ya magari ya umeme yangepokelewa hadi siku iliyofuata tu. Kwa kuwa ombi lilihitaji gari lililokwisha kusajiliwa, watu waliokuwa wameagiza miezi mingi kabla waliikosa ruzuku huku magari yao yakiwa bado hayajafika. Baadhi ya watengenezaji walijitolea kuifidia, lakini hisani haidaiwi mahakamani. Mkataba useme nani anabeba tofauti.

Lile gari la yadini

Gari kusimama si dosari. La kuangalia ni limesimama muda gani na lilitunzwaje katika muda huo. Usikubali kuambiwa "limeingia juzi", kwa sababu limeingia juzi yadini kwake, huenda baada ya kukaa miezi 8 katika yadi ya bandari. Ushahidi uko kwenye matairi: ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kisanduku kidogo, na 2325 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2025. Gari jipya kwa kawaida huvishwa matairi ya wiki au miezi michache iliyopita. Yakiwa na tarehe zinazopishana sana, au moja liko peke yake, uliza kwa nini lilibadilishwa.

Chini ya miezi 6 tangu kuundwa, mimi sioni sababu ya kusita. Kati ya miezi 6 na 12, taka vipimo ninavyovieleza hapa chini. Zaidi ya mwaka, vipimo pamoja na punguzo la maana na betri ndogo mpya.

Betri ndogo ndiyo inayosumbua zaidi magari yaliyosimama, na wanunuzi wapya wengi hawajui hata kama ipo. Karibu kila gari la umeme lina betri ya volti 12 inayoendesha kompyuta, kufuli, taa, na swichi kubwa zinazoiunganisha betri kuu na mota. Hiyo ikifa, gari lenye betri kuu iliyojaa halitawaka, na pengine hata mlango hautafunguka kwa rimoti. Katika yadi, kompyuta huamka mara kwa mara na kuinyonya kidogo kidogo. Betri ya risasi na asidi iliyotulia saa kadhaa isome volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 iko nusu, chini ya 12.0 imekwisha, na ikiachwa hivyo wiki kadhaa hupata ugonjwa wa salfeti kwenye bamba zake ambao kuichaji tena hakuuponyi. Itaonekana nzima siku ya makabidhiano kisha ikulaze njiani mwezi wa tatu. Ikiwa iliwahi kuzimika kabisa, wakubadilishie. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na gari. (Baadhi ya magari ya karibuni hutumia betri ndogo ya litiamu, na namba hizi haziihusu.)

Kwa betri kuu, omba picha ya dashibodi inayoonyesha asilimia ya chaji, ipigwe kabla hawajalichaji kwa ajili yako. Gari lililotunzwa vizuri husimama kati ya asilimia 40 na 60 hivi. Likiwa chini ya 10, uliza limekaa hivyo tangu lini. Litiamu yenyewe hupoteza chaji polepole, lakini vifaa vya gari vinaendelea kula, na seli (kipande kimojawapo kinachounda betri kuu) ikishuka chini ya volti yake ya usalama kwa muda mrefu, shaba ya ndani huanza kuyeyuka na kuiharibu daima. Fundi wa muuzaji ana kifaa cha kusoma volti ya kila kundi la seli. Kwa betri mpya iliyotulia, tofauti kati ya kundi la juu na la chini huwa milivolti chache, hadi 20 hivi. Ikifika 50 na kuendelea, wape kazi ya kueleza kwa maandishi kabla hujalipa.

Kisha maswali matatu yasiyohitaji kifaa. Je, gari limewahi kusajiliwa kwa jina la muuzaji? Kama ndiyo, wewe ni mmiliki wa pili kwenye karatasi, na dhamana imekwisha kuanza kuhesabiwa. Dhamana ya betri kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, ikiahidi uwezo usishuke chini ya asilimia 70, na miezi iliyoliwa yadini haitarudi. Je, ni toleo lilelile uliloagiza? Modeli yenye jina moja inaweza kubadilishiwa betri katikati ya mwaka, kutoka ya NMC, yenye nikeli, manganizi na kobalti, kwenda ya LFP, yenye chuma na fosfeti. Zote ni nzuri, ila hazitunzwi sawa. Na je, tundu la kuchajia ni lipi? Litazame kwa macho yako. CCS2 ndilo la Ulaya na sehemu kubwa ya dunia, GB/T ni la China, NACS limeenea Amerika ya Kaskazini, na CHAdeMO lipo kwenye baadhi ya modeli za Kijapani. Gari lililoundwa kwa soko jingine likaletwa kwenu linaweza kuwa na tundu lisiloingia kwenye mashine yoyote ya kuchaji haraka ya barabarani, na adapta za mkondo mnyoofu (DC, unaotumika kuchaji haraka) ni ghali na hazikubaliwi na kila mashine.

Sasa uamuzi. Kama gari lako bado halina namba ya chesisi, na la yadini lina miezi isiyofika 6, halijasajiliwa, lina betri na tundu ulilotaka, lichukue. Rangi utaizoea ndani ya wiki mbili. Kama lako liko baharini tayari na la yadini linakosa hata moja kati ya sifa hizo, ngoja. Ukilichukua la yadini, unayo nguvu ya kujadiliana, kwa kuwa tarehe ya mwisho wa mwezi ni ya hesabu zake muuzaji, haikuhusu wewe. Mbali na bei, omba chaja ya ukutani pamoja na kufungiwa, au matengenezo ya kwanza. Na hakikisha arubuni ya oda ya kwanza inahamishwa kwa maandishi, oda ile ifutwe, usije ukadaiwa magari mawili.

Kazi ya kufanya huku unangoja

Wiki za kungoja ni za fundi umeme. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza muda, gari likafika na nyumba haijawa tayari.

Anza na hesabu, kwa sababu huenda huhitaji chaja kubwa. Ukienda kilomita 40 kwa siku na gari likatumia kilowati-saa 16 kwa kilomita 100, unatumia kilowati-saa 6.4. Ongeza kama asilimia 12 inayopotea katika kuchaji, utapata kilowati-saa 7 na kitu. Soketi ya volti 230 ikitoa ampea 10 ni kilowati 2.3, yaani saa 3 na dakika chache kila usiku. Inatosha kabisa. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa kilowati 7.4 na ina maana zaidi kwa mtu anayerudi na betri chini: kuipandisha betri ya kilowati-saa 60 kutoka asilimia 20 hadi 80 kutachukua saa 5 na nusu hivi, na kwa soketi ya kilowati 2.3 kutachukua saa 17 na nusu hivi.

Usinunue chaja ya kilowati 22 kabla hujajua chaja ya ndani ya gari inameza kiasi gani. Kifaa cha ukutani ni mlango tu. Kinachogeuza mkondo geu (AC, umeme wa nyumbani) kuwa mnyoofu kimo ndani ya gari, na kwenye magari mengi ukomo wake ni kilowati 7 au 11. Ziada utakayonunua haitatumika.

Usichaji kwa soketi iliyokuwepo bila kuikagua. Pasi ya umeme huvuta mkondo mkubwa kwa dakika chache, gari huvuta kwa saa 10 mfululizo. Skurubu iliyolegea nyuma ya soketi, ambayo haikuwahi kujulisha chochote, hupata joto, plastiki inalainika, mguso unazidi kulegea na joto linazidi. Hivi ndivyo soketi zinavyoungua. Taka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, isiyogawanywa na friji wala mashine ya kufulia, na usitumie waya wa kurefushia, hasa ukiwa umeviringwa.

Kwa chaja ya ampea 32, kazi ya kawaida ni waya wa shaba wa milimita za mraba 6 na saketi breka ya ampea 40. Umbali ukizidi, waya unenepe. Waya wa 6 hupoteza kama milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita. Kwa mita 30 na ampea 32 hiyo ni volti 7, asilimia 3 ya volti 230, na wati zaidi ya 220 zinazogeuka joto ukutani usiku kucha. Waya wa 10 hupunguza hasara hiyo hadi volti 4 na kitu. Ukilipia mara moja waya mnene, hutaulipia tena kila mwezi kwenye bili.

Kinga ni jambo la kumsimamia fundi. Kila laini ya gari inahitaji swichi inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Lakini gari la umeme linaweza kuvujisha mkondo mnyoofu, ambao huipofusha swichi ya aina ya A isikate hata binadamu anaposhikwa. Ndiyo maana inatakiwa ama swichi ya aina ya B, ama chaja yenye kihisi chake kinachokata mkondo mnyoofu unapofika miliampea 6. Soma karatasi ya chaja. Ikiwa kihisi hicho kimo ndani, aina ya A inatosha na utaokoa fedha.

Na ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ipimwe kwa kifaa, fundi asiishie kuitazama. Chaja nyingi hukagua waya huo kabla ya kuruhusu umeme, na ukikosekana au ukiwa dhaifu zinawasha taa nyekundu na kukataa. Wamiliki wapya wengi huenda kulalamika kwamba gari ni bovu, kumbe kosa liko kwenye fimbo ya ethi iliyooza udongoni. Mwisho, jumlisha mizigo ya nyumba. Ikiwa laini kuu ni ampea 60, na chaja inavuta 32 huku hita ya maji na jiko vinafanya kazi, fyuzi kuu itaruka. Dawa ni chaja yenye kihisi kinachofungwa kwenye laini kuu, inayojipunguza yenyewe nyumba inapozidiwa.

Fedha na bima

Hapa ni mpangilio wa tarehe tu. Ofa ya mkopo ina muda wake, mara nyingi siku 30 hadi 90, na riba huanza fedha zinapotoka benki. Usiruhusu zitoke kabla ya namba ya chesisi na tarehe ya makabidhiano. Bima nayo inahitaji namba hiyo. Iagize ianze siku ya kukabidhiwa, na uulize kwa jina kama inafidia betri iliyogongwa kwa chini, nyaya za kuchajia zikiibwa, na chaja ya ukutani. Kama unampa muuzaji gari lako la zamani, thamani waliyokubali wiki ya kwanza pengine imekwisha muda. Iandikishwe upya.

Siku ya kukabidhiwa

Nenda mchana, gari likiwa kavu, ukiwa na saa mbili zisizo na haraka, na malipo ya mwisho yakiwa bado mkononi kama mkataba unaruhusu. Maji na mwanga wa taa huficha mikwaruzo.

Linganisha kwanza namba ya chesisi ya kwenye kioo cha mbele au nguzo ya mlango na ya kwenye karatasi. Kisha omba gari lipandishwe kwenye lifti. Watu huzunguka bodi wakitafuta vinukta vya rangi, ilhali kitu cha bei kuliko vyote kiko uvunguni. Bamba la chini la betri lisiwe na kibonyeo, mpasuko wala skurubu iliyokosekana. Magari hupandishwa na kushushwa kwenye ngazi za meli na malori mara nyingi, na ngazi kali hugusa katikati ya uvungu.

Likishuka, pima rangi. Kipimo kidogo cha unene husoma mikroni 90 hadi 150 kwenye rangi ya kiwandani. Zaidi ya 200 kwenye mlango mmoja ni dalili kwamba ulipigwa rangi upya baada ya kugongwa safarini. Bampa za plastiki hazisomeki, na bodi za alumini zinahitaji kipimo kinachozitambua. Kwa nafasi za milango na boneti, linganisha kushoto na kulia badala ya kuhesabu milimita. Vinukta vidogo vya kutu juu ya rangi nyeupe ni chembe za chuma zilizotua safarini. Waziondoe kwa dawa yake, wasizisugue. Kutu nyepesi kwenye diski za breki usiihofu, itaondoka kwa breki chache.

Pima upepo wa matairi. Magari husafirishwa yakiwa yamejazwa kupita kiasi ili matairi yasibonyee upande mmoja, na mtayarishaji mwenye haraka husahau kuupunguza. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango. Ukikuta tairi limejaa kupita hapo, jua kwamba na hatua nyingine za matayarisho huenda zilirukwa: kulitoa gari kwenye hali ya usafirishaji inayozima baadhi ya vifaa, na kuweka programu mpya.

Chaji hapohapo. Dakika 10 kwenye mkondo geu, na kama kuna mashine ya haraka karibu, dakika 10 kwenye mkondo mnyoofu, kwa sababu njia hizo mbili hutumia vifaa tofauti ndani ya gari na moja kuwa nzima hakuthibitishi nyingine. Hakikisha plagi inafungika na inafunguka. Hesabu nyaya zilizoahidiwa, funguo mbili, na kifaa cha kuzibia pancha, maana mengi hayana tairi la akiba. Washa kipoza hewa mpaka kitoe baridi kweli, jaribu kamera zote, vioo vyote, mikanda yote. Endesha kilomita 10 na utazame kama taa yoyote ya onyo inawaka. Ikiwa betri imejaa hadi asilimia 100, gari halitapunguza mwendo sana unapoachia pedali. Hiyo si kasoro, betri haina pa kuweka umeme unaorudi.

Kabla hujaondoka, akaunti ya gari kwenye simu iwe kwa jina lako na akaunti ya muuzaji ifutwe mbele yako. Anayebaki na akaunti anaweza kufungua mlango na kuona gari liliko. Kila dosari iandikwe kwenye fomu ya makabidhiano, na tarehe ya kurekebishwa, kabla ya sahihi yako. Kasoro kubwa, kama ya uvungu wa betri au kuchaji kukataa, usilichukue. Kukataa kupokea ni rahisi sana kuliko kurudisha.

Wiki za kwanza

Betri ya NMC ichaji hadi asilimia 80 kwa siku za kawaida, na 100 unapokaribia kusafiri tu. Ya LFP ichaji hadi 100 mara kwa mara. Watengenezaji wengine husema kila wiki, wengine kila mwezi. Volti ya LFP haibadiliki sana kati ya kujaa na kupungua, kwa hiyo bila kufika kileleni kompyuta hupotea hesabu, na gari linaweza kukuonyesha asilimia 12 kumbe limebakiwa na 4.

Mwezi wa kwanza, lijaze mara moja hadi 100, andika kilomita linazoonyesha na usomaji wa odometa, piga picha, hifadhi pamoja na ripoti ya seli uliyopewa na muuzaji. Siku utakapodai dhamana ya betri mwaka wa sita, hiyo ndiyo itakuwa kumbukumbu yako ya gari lilipokuwa jipya.

Nunua pia vipande vya mpira vya kuwekea jeki vinavyolingana na modeli yako, uviweke kwenye buti. Fundi wa matairi asiyezoea magari haya ataweka jeki palipo bapa na penye nafasi, napo ni katikati ya betri. Mwonyeshe alama nne za kuinulia zilizo kando kabla hajaanza kupampu. Na likiharibika barabarani, libebwe juu ya lori, magurudumu yote yakiwa hewani, kwa sababu magurudumu yanayozungushwa na mota yakiburutwa huzalisha umeme ambao hauna pa kwenda.